Kurasa Tisa za Michée

Vita vikiingia mjini, kuna wanaume huokoa mke, kuna wanaookoa ng'ombe, na wengi huokoa miguu yao wenyewe. Hubert wa mtaa wa Bigo aliokoa karatasi.

Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka wa elfu mbili na tatu. Taasisi ambako alikuwa ametunza maktaba kwa miaka kumi na tisa ilikuwa imevunjwa milango, na nusu ya Bunia ilikuwa ikitoka humo imebeba viti, mabati, feni, hata mlango wa choo. Hubert alipita katikati yao akisukuma mkokoteni wa kuazima, mara saba, risasi zikilia kama mahindi kikaangoni, akahamishia nyumbani kwake kazi za wasomi: mémoire, yaani tasnifu, za wanafunzi, ripoti, madaftari ya utafiti, ramani za udongo, hotuba za mikutano ambayo hata waliohudhuria walikuwa wameisahau. Mia nne na kumi na mbili kwa hesabu yake. Hesabu yake haikukosea kamwe, na hilo ndilo lililomuudhi mkewe kuliko yote.

"Jirani amepata friji," Léontine alimwambia mara ya saba, amesimama mlangoni mikono kiunoni.

"Friji ya nini? Courant ya kuiwasha iko wapi?"

"Friji inafunga mulango. Mutu anatia unga, panya inabaki inje. Hizi zako zinafunga nini?"

"Hazifungwi, Léontine. Ni za kila mutu."

"Za kila mutu, lakini zinalala mu nyumba yangu."

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba viwili. Ili kazi za wasomi zisiguse sakafu yenye unyevu, Hubert alivunja kitanda cha ndoa akakifanya rafu. Zilizobaki alizipanga chini tabaka kwa tabaka, akatandika mkeka juu, na hapo akalala Mama Agathe, mama yake Léontine, aliyekimbia vilima vya Djugu miaka miwili nyuma na kufika na miguu iliyovimba ambayo haikupona tena. Kichwa chake kilikaa juu ya magonjwa ya muhogo, miguu juu ya mabwawa ya samaki. Kwa desturi ya kwao, mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake, wala hatafuni mbele ya macho yake. Lakini vita havijui kubisha hodi, seuze desturi. Mama Agathe alikula akielekea ukutani, na Hubert alikohoa mara tatu kabla ya kuingia chumba chake mwenyewe. Walikuwa wameishi hivyo miaka miwili, wakiheshimiana kama watu wenye kesi.

Siku ya nane Hubert akapigilia kibao mlangoni: *Wazi kwa wote. Saa mbili hadi saa nane.*

"Wazi kwa wote," Léontine alisoma kwa sauti. Alikuwa amefika darasa la sita na aliweza kusoma alichokidharau. "Mu Bunia hii. Watu bote banatafuta kufuli, bwana yangu anaandika karibuni."

Wiki tisa zikapita bila msomaji hata mmoja. Hubert alikaa mezani kila asubuhi, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo, akinyoosha fiche zake. Kila kazi ilikuwa na fiche yake, kadi ngumu ndogo iliyosema nani ameandika, lini, juu ya nini, ina kurasa ngapi, ukurasa gani una doa na ukurasa gani umetobolewa na mchwa. Léontine alipangusa vumbi akizunguka mgongo wake, na kwa kupangusa tu alikuwa amekwisha kuyajua majina yote ya rafuni kama mtu anavyowajua wadeni wake.

Msomaji wa kwanza kuja alikuwa Adrien.

*

Adrien alikuwa mwanafunzi wa taasisi ileile. Mémoire yake ilikuwepo rafuni, nyembamba kama ng'ombe wa kiangazi, na majaji walimpitisha kwa sababu ilikuwa saa ya kula. Vita vilimpandisha haraka kuliko vitabu. Chama kilichoshika mji kilikuwa kimemfanya Mshauri wa Ardhi na Mipaka. Watu walipokuwa wakifa Bunia, yeye alikuwa Kampala hotelini akijadili amani, na alirudi wiki mbili zilizopita akiwa na tai tatu na cheo cha Docteur ambacho hakuna chuo kilichojua habari zake.

Alishuka kutoka kwenye pickup nyeupe. Nyuma yake alitoka mlinzi aitwaye Fiacre, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, bunduki begani na mkoba wa Adrien kifuani kama mtoto.

"Futa kiti, mujinga," Adrien alimwambia. "Hapa ni fasi ya batu banasoma."

Fiacre akafuta kiti kwa mkono wa koti lake. Adrien akatazama, akamwonyesha doa. Fiacre akafuta tena.

Hubert hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa na msomaji. Macho yake yaling'aa kama ya bibi harusi, na Léontine, aliyekuwa akichambua maharage kwenye kizingiti cha chumba cha pili, alitamani ardhi ipasuke immeze mtu, si yeye, bali mumewe.

"Docteur, siye tuko na kila kitu," Hubert alisema. "Iko kazi ya malaria, ya Priscille, na madaftari yake yote ya hospitali. Iko ya Kahindo juu ya kuchoma matofali. Iko nyimbo za matanga, Sandrine alizipata kwa bibi mumoja tu, na yule bibi sasa amekufa, kwa hiyo haziko pengine popote. Iko ramani, iko mvua ya miaka trente, makumi matatu, imepimwa yote, iko hata mémoire zilizoanguka. Zenye kuanguka pia zinafundisha."

"Ardhi ya Djugu," Adrien alisema, akiangalia saa.

"Kazi tatu! Ya Michée ndiyo bora. Alikwenda kwa batu benyewe, bale bakimbizi, akawauliza mashamba yao yalikuwa wapi, mupaka ulipita wapi. Annexe ya tatu kule mwisho, page quatre-vingt-quatorze, tisini na nne. Kurasa tisa. Majina soixante-trois, sitini na tatu."

Adrien akaacha kuangalia saa. "Majina ya nani?"

"Ya bale walimujibu. Jina, umri, kilima, jirani wa shamba. Na fasi mutu anakaa sasa hapa Bunia, avenue na mwenye nyumba." Hubert alikuwa akitabasamu. "Kwanza Michée hakutia. Majaji bakamukatalia. Bakamuambia utafiti bila anwani ni hadithi ya mashambani, rudi utie anwani. Akarudi, akatia. Kazi safi sana."

Ungo wa maharage ukaanguka kutoka mikononi mwa Léontine.

"Hao ndio tunatafuta," Adrien alisema polepole. "Bale banasema mashamba ni yao. Tuzungumuze nao kidogo."

Bunia nzima ilijua kuzungumza huko. Wiki iliyopita watatu waliitwa kuzungumza, na mpaka leo walikuwa bado wanazungumza.

"Iko wapi?" Adrien akauliza.

"Iko chini ya mama mukwe," alisema Hubert.

Adrien alicheka mpaka tai ikampanda begani. Saa tano alitakiwa redioni kuwaeleza wananchi maana ya amani, na hakuwa na nafasi ya kupindua vikongwe. Akasema atarudi kesho saa tatu, ikae mezani. Akaandika jina lake kwenye daftari la wasomaji, akaongeza Dr. kwa wino mzito, akatoka. Fiacre akafuata na mkoba.

*

"Jina yake iko ndani?" Léontine aliuliza. Hakuhitaji kusema nani.

Hubert alikohoa mara tatu, wakamwinua Mama Agathe, akachomoa mémoire ya jalada la kijani kutoka chini ya mgongo wake. Ukurasa wa tisini na sita. Nambari kumi na saba: Agathe, mjane, umri wa miaka sitini hivi, kilima chake, shamba linapakana na mto na jirani fulani, anaishi Bigo, kwa mkwe wake Hubert. Nambari ishirini na mbili hadi thelathini na mbili zilikuwa ukoo mzima, watu kumi na mmoja, na wote walikuwa na mwenyeji mmoja: Katsuva, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, katika ghala nyuma ya duka lake. Walikuwa bado humo. Léontine alikuwa amewapelekea chumvi juzi.

"Yule Michée," alisema Mama Agathe, uso ukiwa ukutani kwa sababu mkwe alikuwa karibu. "Alikula sombe yangu, sahani mbili. Akaniambia, mama, maneno yako haitapotea. Kumbe hakuwa muongo."

"Lete kiberiti," alisema Léontine.

"Hapana."

"Hubert."

"Si yangu, nitachoma namna gani? Ni ya Michée. Ni ya batu bote."

"Michée alivuka mupaka kule Aru zamani, iko anakunywa chai Uganda. Mama yangu iko hapa. Weye uko mutu wa namna gani? Mutu anakuja kukuuliza, nionyeshe fasi ya kumuchinja mama mukwe wako, weye unamuambia page!"

"Sikufikiri."

"Miaka dix-neuf mu vitabu, hukufikiri! Ungekuwa muuza nyanya ungefikiri. Muuza nyanya anajua kwa kumuangalia mutu kama anataka nyanya ao anataka kuiba." Alitema mate uani. "Zamani nilisema, angalau huyu hanipigi, hanywi. Afadhali ungekunywa. Mulevi anasahau majina."

Hubert alikaa na mémoire magotini mpaka jua likahama kutoka mlangoni hadi ukutani. Mara mbili aliinuka akakaa tena. Aliwaza kuificha, lakini wangepindua nyumba. Aliwaza kumkimbiza mama mkwe. Lakini kulikuwa na kizuizi kila njia ya kutoka mjini na mama huyo hakuweza kufika chooni peke yake. Na hata akimkimbiza, ghala la Katsuva lingebaki ukurasa wa tisini na saba. Mwishowe alitoa wembe wake wa kunyolea ndevu, akaufuta, akakata kurasa tisa, moja moja, kwa unyoofu wa fundi cherehani. Akampa mkewe bila kumtazama.

Léontine alizisokota akazitia motoni chini ya sufuria. Maharage hayakupata hata joto la kutosha kuchemka.

"Basi," alisema. "Kumbe unaweza."

*

Asubuhi Adrien alikaa kwenye kiti kilichofutwa mara tatu. Mémoire ya kijani ilikuwa mezani, na juu yake, kama sheria ilivyotaka, fiche yake. Léontine alisimama nyuma ya mume wake na jibu tayari mdomoni: mchwa, Docteur, mchwa na mvua. Alikuwa amelifanyia mazoezi tangu alfajiri.

Adrien alifungua ukurasa wa tisini na tatu, akageuza, akakuta mia na tatu. Akachukua fiche, akaisoma, akaangua kicheko.

"Fiacre, sikiliza mambo ya wazimu." Akasoma kwa sauti ya redioni: "'Kurasa 94 hadi 102 zimekatwa na mtunza mwenyewe, kwa mkono wake, kwa kuhofia maisha ya watu. Hubert.' Na tarehe. Na sahihi!"

Léontine alimtazama mumewe utosini, pale nywele zilipoanza kuisha, na kama angekuwa na mchi mkononi Adrien asingekuwa na kazi tena.

"Ju ya nini uliandika?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Fiche haisemi uongo," alisema Hubert. "Atakayefungua kesho atauliza kurasa ziko wapi."

"Mutu wa heshima sana," alisema Adrien. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Papa Hubert, taasisi yote inajua weye unaweka vitabu mu kichwa. Tulikuwa tunakuita fotokopi. Sasa utaniambia. Majina, avenue, mwenye nyumba. Nitaandika mwenyewe. Mutu mwenye anashindwa kudanganya hata kadi hatanidanganya mimi." Akamwashiria Fiacre, na Fiacre akaivua bunduki begani akaiweka magotini, mdomo ukielekea chumba cha pili.

Humo ndani Mama Agathe alikuwa akinywa uji, uso ukutani.

Hubert alizinyoosha fiche zake mezani. Kisha akainua macho, yakapita juu ya bega la Adrien, yakatua ukutani.

"Nambari moja," alisema. "Josaphat. Miaka soixante-deux. Avenue ya Kinu, nyumba ya tatu, kwa mwalimu."

Adrien akaandika.

"Nambari mbili, Priscille, mujane. Avenue ya Kinu, nyumba ya sita. Nambari tatu, Kahindo na wana wake wanne, avenue ya Kinu, nyuma ya nyumba ya sita."

Léontine alishika ukingo wa mlango. Josaphat alikuwa mwandishi wa ramani za udongo. Priscille alikuwa malaria, na alikuwa amezikwa Komanda, alikofia akikimbia. Kahindo alikuwa matofali, yuko Butembo. Mtu huyu, mume wake, mwenye kusema kweli kwa kadi, alikuwa akisoma migongo ya mémoire nyuma ya kichwa cha Docteur, kutoka kushoto kwenda kulia, rafu ya juu kwanza, na sauti yake ilikuwa ileile kavu aliyotumia kusema iko mvua ya miaka trente. Na avenue ya Kinu iliungua yote mwezi wa tano, nyumba baada ya nyumba, mpaka leo hakuna kinachokaa pale isipokuwa mbwa. Kila mtu wa Bunia alilijua hilo. Ila aliyekuwa Kampala.

Na Fiacre. Fiacre hakuwa Kampala.

Kwenye nambari tisa Fiacre alitoa pumzi kwa pua, nusu kikohozi, nusu kicheko.

"Nini?" Adrien akauliza bila kuinua kichwa.

Fiacre alimtazama Hubert. Akamtazama Léontine. Kisha akatazama mkono wa koti lake, mweusi kwa vumbi la viti vya jana na leo.

"Bure, Docteur," alisema. "Mimi mujinga, nitasema nini mbele ya batu banasoma?"

"Basi nyamaza."

Hubert akaenda mpaka sitini na tatu bila kukwama, na kwa nambari ya mwisho akampa Sandrine wa nyimbo za matanga nyumba ya kumi na nne, nyumba ambayo avenue ya Kinu haikuwa nayo hata ilipokuwa nzima. Adrien akapiga mstari chini ya orodha, akaikunja, akamshukuru kwa mchango wake kwa sayansi na kwa amani. Alisema hivyo kweli, sayansi na amani, na akampa mkono.

Mlinzi alitoka wa mwisho. Pale kizingitini akainama kama anayefunga kamba ya kiatu.

"Sasa iko anakwenda kula kwa mukubwa," aliiambia kamba. "Atatuma batu Kinu saa tisa. Saa kumi atakuwa hapa. Atakuwa na hasira, yule. Hapendi kuchekwa."

*

Hakukuwa na cha kujadili. Kichwa cha Hubert ndicho kilichokuwa nakala pekee iliyobaki, na kichwa, tofauti na karatasi, hupigwa mpaka kifunguke. Léontine alifunga unga na sufuria ndani ya kitenge. Alipogeuka alimwona mumewe amesimama mbele ya rafu, mikono ikining'inia.

"Chukua moja," alimwambia. "Moja, Hubert. Nitakunyamazia."

Hubert alitazama zote, malaria, mvua, nyimbo, walioshinda na walioanguka. Kisha akaingia chumba cha pili bila kukohoa. Akapiga magoti mbele ya mama mkwe, akampa mgongo.

"Panda, mama."

"Apana! Mukwe wangu! Batu batasema nini?"

"Waseme. Panda."

Mama Agathe alilia kwa aibu, si kwa woga. Alilia mgongoni mwa mkwe wake kutoka Bigo hadi njia ya uwanja wa ndege, amejifunika kitenge usoni, na watu waliogeuka kuwatazama walikuwa wengi, na wawili walicheka, na mwanamke mmoja aligeuza uso kama aliyeona uchi. Hubert alitembea. Jasho lilimwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Léontine alimfuta mara moja kwa ncha ya kitambaa chake, kwa ukali, kama anayefuta meza.

"Hata kudanganya umeanza siku ya kufukuzwa," alimwambia. "Ungeanza zamani, tungekuwa matajiri."

Katika kambi ya wakimbizi, karibu na uwanja wa ndege ulioshikwa na askari wa Umoja wa Mataifa, maelfu ya watu walikuwa wamekaa chini ya maturubai, na mbele ya maturubai kulikuwa na meza, na nyuma ya meza kijana msafi wa shirika fulani mwenye fulana nyeupe, kalamu na karatasi za mistari. Bila kuandikwa hakuna turubai, hakuna unga. Walipanga foleni kwa muda wa saa mbili. Hubert alimshusha mama mkwe juu ya jiwe.

"Jina ya mama?" aliuliza kijana. "Umri? Kilima alitoka? Na pale Bunia alikuwa kwa nani?"

Mama Agathe, kwa adabu yake ileile, alifungua mdomo kujibu.

Mkono wa Hubert ukatua juu ya karatasi, vidole vimetawanyika, ukafunika mistari yote.

"Kwanza weye utuambie," alisema. "Hii itasomwa na nani?"

"Papa, ni liste tu. Inabandikwa pale kwenye mbao, kila mutu anaona jina yake."

"Kila mutu."

"Ndiyo. Iko wazi."

Nyuma yao foleni ilianza kunung'unika. Mtu akauliza kwa nini wazee hawa wanachelewesha unga. Kijana alivuta karatasi. Mkono haukutoka.

"Andika bibi mumoja," alisema Hubert.

"Bila jina haiwezekani."

"Basi usiandike."

Kijana alimtazama Léontine, kama watu wanavyomtazama mke wa kichaa, akingoja aombe radhi. Léontine aliinama, akamshika mama yake kwapa la kushoto, akamngoja mumewe ashike la kulia.

"Ulimusikia," alisema. "Usiandike."